Bima ya Mtu wa Tatu

Ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa, ile iliyobeba daraja la mbao pamoja na kuku wa watu. Hapana, nakosea. Mwaka wa mvua kubwa njia yetu ilikuwa bado matope, na gari lililothubutu kuingia lilitoka kwa kusukumwa. Mambo haya ni ya mwaka uliofuata, baada ya kumwagwa lami kile kipande cha kuanzia kwenye bomba la maji hadi duka la vifaa vya umeme. Bila lami pasingekuwa na gari la kukodi, na bila gari la kukodi Kisigino angekuwa na mashine yake hadi leo. Basi tuseme mwaka wa lami.

Kisigino lilikuwa jina la kupachikwa. Alikuwa fundi viatu, na banda lake la mbao lilikaa mwisho wa lami, palipo na kona, ubavuni mwa mama mmoja muuza mkaa. Siku nzima alikaa kwenye kigoda, kichwa kimeinama, kwa hiyo watu aliwajua kuanzia chini kwenda juu, na mara nyingi hakuona sababu ya kufika juu. Akimsikia mtu anakuja aliangalia visigino, akaguna, na guno lile lilikuwa hukumu yenyewe.

"Huyo anaburuta miguu," alimwambia mama wa mkaa. "Mtu mzima anatembea kama analazimishwa na polisi."

"Mwache, baba. Labda anaumwa."

"Anaumwa uvivu."

Hakuwa na huruma hata kwa wakubwa. Mkuu wa shule alimletea viatu vyeusi vinavyong'aa juu, chini vina matundu, na ndani ameweka kipande cha boksi la sabuni asikanyage mawe. Kisigino alimshonea vizuri, akamwita mheshimiwa mbele ya watu, na tangu siku ile akipita alimwita Boksi. Aliwadharau wavaaji wa viatu vya plastiki, akawadharau waliovitengeneza. Ila waliomchefua kabisa walikuwa mafundi wenzake wa upande wa pili wa soko, ambao hawakushona kitu. Walipaka gundi, wakabana, wakatema mate pembeni, wakasema tayari.

"Watu wa gundi," alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Kiatu kinafika kwa mwenyewe kinacheka."

Maringo hayo yalikuwa na msingi, na msingi wenyewe ulikuwa wa chuma. Kisigino alikuwa na mashine ya kushonea soli, ya kuzungusha kwa mkono, yenye mkono mrefu kama shingo ya bata na sindano nene iliyopita kwenye ngozi ngumu kama inapita kwenye mkate. Alipewa na fundi aliyemfundisha, mzee wa watu, siku macho yalipomgomea. Kila asubuhi aliipaka mafuta kabla hajanywa chai. Mtu akitaka kugusa gurudumu lake alipigwa kibao cha mkono, awe mteja, awe nani. Mtaa mzima ulikuwa hauna nyingine, na buti la askari au la mjenzi lililochanika lilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

Sasa, kati ya watu wote aliowadharau, wa kwanza kwenye foleni alikuwa shemeji yake.

Shemeji huyu alimwoa dada yake Kisigino, na mtaani aliitwa Wakili. Hakuwa wakili. Alikuwa ametumika miaka mingi kwenye ofisi ya mawakili wa kweli, akifungua mlango, akichemsha chai na kubeba mafaili, na alipostaafu wenzake waliondoka na mafao, yeye akaondoka na maneno. "Kwa mujibu" lilikuwa lake. "Kimsingi" lilikuwa lake pia. Hata chumvi mezani hakuiomba tu. Aliiomba kwa mujibu wa mboga. Alikuwa mfupi, na alivaa viatu vyenye ncha mbele na kisigino kilichoongezwa kimyakimya, na aliyeviongeza, kwa kunong'onezwa, alikuwa huyohuyo shemeji yake.

"Nimempandisha juu," Kisigino alimwambia dada yake, "lakini naona hewa ya huko haijamsaidia."

"Kaka, huyo ni mume wangu."

"Najua. Pole."

Lakini dharau ya Kisigino ilikuwa na kasoro moja ambayo mwenyewe hakuijua. Iliishia magotini. Viatu, miguu, mwendo wa mtu, hapo alikuwa jaji. Mtu akianza kutoa maneno ya ofisini, Kisigino aliyeacha shule katikati alijikuta amenyamaza na kutafuta msumari ambao haujapotea. Angeweza kumcheka Wakili kutwa nzima, halafu Wakili akisema "kwa mujibu", kicheko kikazimika kama moto uliomwagiwa maji.

Basi mwaka huo wa lami binti yake Wakili alikuwa anarudi kutoka nchi za mbali alikokwenda kusoma, na Wakili akaapa kwamba mtoto wake hatapokelewa uwanja wa ndege na teksi yenye mlango wa kufungwa kwa kamba. Atakodi gari. Ataliendesha mwenyewe. Leseni alikuwa nayo, ya zamani, picha yake ina nywele.

Dada yake Kisigino akamfuata kaka bandani. "Nenda naye huko kwenye magari, kaka. Ukimwacha peke yake atarudi na basi."

Ofisi ya magari ya kukodi ilikuwa chumba kimoja pembeni ya kituo cha mafuta, na feni iliyokuwa inazunguka bila kupuliza mtu. Kaunta ilikuwa ndefu kuliko ilivyohitajika. Nyuma yake alikaa binti anayetafuna kitu, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Kisigino aliinama kidogo, akachungulia chini ya kaunta. Sandali, za gundi. Akaguna.

Binti alieleza haraka, jicho moja kwenye simu, kama kondakta anayetaja vituo. "Mafuta unarudisha kama ulivyoyakuta. Tairi ya akiba ipo. Bima iliyomo ni ya mtu wa tatu. Ukitaka bima kubwa unaongeza, ndiyo inayolinda na gari lenyewe. Usipochukua, ukilibonda gari ni juu yako. Umeelewa, mzee?"

"Binti," alisema Wakili, akitanua kifua mpaka vifungo vikalalamika, "kimsingi mtu wa tatu anatosha."

"Ilimradi umeelewa. Maana wengine hawaelewi, mtu wa tatu ni yule..."

"Mimi nimefanya kazi na mawakili tangu wewe hujazaliwa."

"Kumbe mzee ni wakili?"

"Nilikuwa nao."

Simu ikalia, binti akaipokea, na maelezo ya mtu wa tatu yakabaki yananing'inia juu ya kaunta. Kisigino aliyaona kabisa yanavyoning'inia. Alitaka kusema, hebu binti, malizia. Lakini chumba kilinuka karatasi, na Wakili alikuwa ameshika kalamu ya ofisi kwa vidole viwili kama mtu anayevuta sigara ya gharama. Kisigino akayaacha yaning'inie. Wakatoka nje, wakalizunguka gari na binti, akawaonyesha mikwaruzo ya zamani, Wakili akitikisa kichwa kwa kila mkwaruzo kama daktari.

Njiani, gari likiunguruma kwa gia isiyo yake, Kisigino aliuliza. "Shemeji, huyo mtu wa tatu ndiye nani?"

Wakili hakukawia hata kidogo, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake: hajawahi kukawia kujibu. "Hesabu mwenyewe. Wa kwanza ni dereva. Yeye ana usukani wa kushika. Wa pili anakaa mbele, ana mkanda, ana dashibodi ya kujikinga. Wa tatu yuko nyuma, hana cha kushika, labda amesinzia. Ndiyo maana sheria ikamwonea huruma. Bima ni yake."

"Na wa nne?"

"Wa nne alijitakia."

Kisigino alitazama nje ya dirisha. Maneno yale aliyachukia kwa sababu yaliingia akilini. Angefurahi sana yangekuwa ya kipumbavu, acheke mpaka nyumbani. Lakini yalikuwa na hesabu ndani yake, moja, mbili, tatu, na hesabu ilimtisha tangu shuleni.

Asubuhi ya kwenda uwanja wa ndege, habari ilikuwa imeshaenea ndani ya nyumba kwamba kwenye gari kuna kiti kimoja chenye bima. Hapo ndipo mngewaona watu. Mama mzazi wa Wakili, ambaye wote tulimwita Bibi, alikuwa amevaa tangu alfajiri na amekalia mkoba wake. Dada yake Wakili naye alikuja mbio kutoka kwake, amejipaka poda shingoni.

"Wa tatu nakaa mimi," alisema huyo dada yake Wakili. "Mimi nina presha. Daktari amesema nisishtuliwe."

"Wifi, Bibi yuko hapa umri wote huu, wewe unamletea presha?" akajibu dada yake Kisigino.

"Kwani mimi ni mzigo? Nikae wa nne kama gunia?"

"Ungekuwa gunia ungenyamaza."

Bibi hakungoja hukumu. Alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa katikati na mkoba wake. Wakili alipiga kelele kama mtu aliyeona moto. "Mama! Toka! Ukiingia mwanzo unakuwa dereva!"

"Nani dereva? Mimi hata baiskeli sijui."

"Toka, mama, hesabu inaharibika."

Bibi akatolewa. Wakili akaingia, akakaa kwenye usukani, akasema kwa sauti, "Mmoja." Mke wake akaingia mbele, akasema "Wawili" kwa sauti ya mtu anayejionea aibu. Kisha Bibi akasukumwa ndani tena, kilemba kikagonga juu ya mlango, na wote wakasema, "Watatu!" Dada mtu mwenye presha akaingia wa mwisho, akavuta mdomo, akashika mpini wa mlango kwa mikono miwili, maana yeye alijitakia.

Kisigino alisimama mbele ya banda lake, ng'ambo ya njia, akiyatazama hayo, na kama kungekuwa na mashindano ya kudharau angerudi na kikombe. Hakualikwa. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya binti wa Wakili na mizigo yake.

"Shemeji," aliita, "na spea tairi ni mtu wa ngapi?"

"Endelea kugonga misumari, shemeji. Haya ni mambo ya waliosafiri."

Gari lilikuwa limeelekea ndani, kwenye ukuta, kwa hiyo lilibidi litoke kinyumenyume hadi kwenye kona. Kisigino aliona halina haja ya kutazamwa zaidi. Nta yake ya kupaka uzi ilikuwa imeganda kwenye kopo, akavuka hatua mbili tatu kwa mama wa mkaa kuomba kaa la moto aiyeyushe. Kaa lilikuwa kwenye koleo, bado halijafika kwenye kopo, aliposikia gari linanguruma kwa nguvu kuliko linavyokwenda, halafu linakwenda kwa nguvu kuliko linavyonguruma.

Banda lilikaa chini kama mbuzi aliyechoka. Mbao zilivunjika kwa sauti kavu, bati la paa likateleza likaja mbele, viatu vya watu vikatawanyika kwenye lami kila kimoja na njia yake. Gari lilisimama limepanda nusu juu ya kigoda. Na chini ya bampa ilikuwepo mashine. Shingo ile ya bata ilikuwa imekatika mahali pake pembamba, na gurudumu bado lilikuwa linazunguka, linazunguka, hakuna linachoshona.

Wakili alishuka. Aliangalia bampa kwanza. Kisha akafungua mlango wa nyuma.

"Mama! Uko salama?"

"Kilemba changu kimeteremka."

"Umeumia popote?"

"Nimesema kilemba."

Wakili aliinuka, akaugeukia mtaa uliokuwa umeshajaa, akainua mkono kama anatangaza matokeo. "Jamani, tulieni. Mtu wa tatu yuko salama."

Na watu, wapumbavu wale, nami nikiwamo, tulishusha pumzi.

Kisigino alikuwa bado ameshika koleo lenye kaa. "Shemeji. Mashine yangu."

"Nimeiona. Pole sana, shemeji. Hata mimi imeniuma."

"Gari si lina bima?"

"Lina bima, ndiyo. Lakini kwa mujibu wa bima yenyewe, wewe hukuwemo."

"Sikuwemo wapi?"

"Ndani ya gari. Bima inahesabu waliomo. Wewe, tusidanganyane, huna namba. Ungekuwa hata wa tano tungejua pa kuanzia."

Dada yake alikuwa ameshashuka, ameshika kichwa. "Mume wangu, ile ndiyo kazi yake! Atakula nini?"

"Ndege inatua," alisema Wakili. "Mtoto atatukosa." Akamrudisha garini, akawahesabu tena kwa sauti, moja, mbili, tatu, wakaondoka na kipande cha ubao kimenasa chini wakikiburuta kwenye lami.

"Kwani hawezi kulipiwa?" mama wa mkaa aliuliza watu.

"Bima yenyewe ni ya mtu wa tatu," mmoja akamjibu.

"Ahaa," wakasema wote, kwa ile sauti ya watu waliofika hospitali wamechelewa. Hakuna aliyejua wanakubali nini.

Kesho yake gari lilipaswa kurudishwa. Dada yake Kisigino alikuja akiwa hajalala. "Nenda naye, kaka. Huyu wangu ana domo tu. Waambie wenyewe, uso kwa uso, waambie mashine imevunjwa. Sema tu. Hata wakikataa, utakuwa umesema."

Alikwenda. Aliubeba ule mkono wa chuma uliokatika, ameuzungushia gazeti, kama mtu anayepeleka samaki. Binti alikuwa palepale, feni palepale. Akalizunguka gari, akainama kwenye bampa, akafinya midomo.

"Umegonga nini, mzee?"

"Mbao."

"Mbao za nani?"

"Za nyumbani tu. Za shemeji."

"Hilo bampa ni juu yako, nilikwambia." Wakarudi ndani, akavuta karatasi kwenye kaunta. "Haya, na upande wa bima: kuna mtu wa tatu amepata hasara?"

Wakili alitabasamu kama mtu aliyeulizwa swali analolipenda. "Mtu wa tatu ni mama yangu mzazi. Ni mzima kabisa. Usiku amekula mara mbili."

Binti aliacha kutafuna. Alimtazama Wakili, akatazama saa ya ukutani ambayo ilikuwa karibu na muda wa chakula, na hapo ukweli ulikaa mezani pamoja nao, umekunja mikono, unangoja mtu mmoja tu aukaribishe. Binti aliona uvivu. "Kwa hiyo niandike hakuna?"

"Andika hakuna."

"Na huyu mzee?"

"Huyu? Huyu ni shemeji tu."

Binti akamgeukia Kisigino. Hakumgeukia vibaya. Aliinua nyusi, akangoja, kalamu iko juu ya karatasi. Ndani ya gazeti kile chuma kilikuwa kizito. Kisigino alifungua mdomo. Alitaka kusema mashine yangu imevunjwa na gari hili. Ni maneno machache tu, mtoto mdogo angeyasema. Lakini aliwaza, nikidai kitu ambacho kila mtu anajua si haki yangu, huyu binti atanicheka, na Wakili atahadithia mtaa mzima kwamba fundi alitaka kujifanya mtu wa tatu. Macho yake yakashuka yenyewe, yakaenda yalikozoea, chini ya kaunta.

"Sandali yako," alisema, "inaachia hapo pembeni."

Binti akachungulia mguu wake. "Ee, kweli! Asante, mzee. Nitaitia gundi."

Akaandika hakuna.

Baada ya hapo Kisigino aliupeleka ule mkono kwa wachomelea vyuma. Wakauchomelea, ukashika mpaka siku ya kwanza ya kazi, ukaachia kwenye buti la askari. Chuma cha zamani namna ile, walimwambia, hakipatani na moto. Akaupeleka tena, ukaachia tena. Banda walimsaidia kulisimamisha, mbao zilezile na misumari yake mwenyewe, lakini ndani ya banda pale mahali pa mashine aliweka kopo. Lilikuwa kopo la gundi.

Hakuna aliyemcheka, na hilo lilimkera zaidi. Alipaka, akabana, na mara ya kwanza alipogeuka pembeni kutema mate alisimama hapohapo, mate yamemjaa mdomoni, akayameza. Wenye mabuti wakahamia mbali, kwenye mtaa mwingine wenye mashine. Waliobaki ni wa viatu vya plastiki. Aliwahudumia kimya, haguni tena. Mkuu wa shule alipita, naye hakumwita Boksi. Chakula dada yake alikileta, akala bila kuinua uso, na Wakili alipopita na vile viatu vyake vya ncha alisema, "Vumilia, shemeji, mambo ya sheria ni magumu," na Kisigino akajibu, "Ndiyo, shemeji." Ndiyo, shemeji! Mtu aliyempandisha yeye mwenyewe juu ya visigino vile.

Ikapita mvua ya vuli, na nyingine. Siku moja lori la mchanga likakosa kona ileile, likamwangushia mama wa mkaa ukuta wa jikoni. Yeye alikuwa ndani anapika, akatoka mzima, mweupe kwa vumbi, anatukana. Hakuwa mtu wa kuuliza ni wa ngapi. Alikwenda polisi siku hiyohiyo na mwiko mkononi. Baada ya muda akaja mtu wa kampuni ya bima, kijana mwenye mkoba, anaruka vipande vya mkaa kama paka anayeruka maji, anawaza viatu vyake.

"Usiwe na wasiwasi, mama," alisema, akipiga picha ukuta. "Ukuta utajengwa. Wewe ndiye mtu wa tatu."

"Mimi?" mama wa mkaa alishangaa. "Baba, mimi sikuwemo kwenye lori. Nilikuwa napika."

"Ndiyo maana. Waliomo ndani wana habari zao. Mtu wa tatu ni yule wa nje, aliyekuwa na shughuli zake, gari likamfuata. Ukuta wake, mguu wake, duka lake, bima ile ni kwa ajili yake."

Kiatu cha plastiki kikaanguka kutoka mkononi mwa Kisigino. Aliinuka kwenye kigoda, gundi imemganda vidoleni. "Kijana. Na kama ni mashine ya kushonea viatu?"

"Hata cherehani, mzee. Hata tanuri la mikate."

"Na kama mwenye mashine ni shemeji yake dereva?"

"Ilimradi haishi naye nyumba moja, ni mtu wa tatu kama mtu mwingine. Ilitokea lini?"

Kisigino akamwambia.

"Mliripoti?"

"Iliandikwa hakuna."

Kijana alifunga mkoba, kwa upole lakini aliufunga. "Basi, mzee, ndiyo imekuwa hakuna. Na muda umeshapita."

Kisigino alivuka njia mpaka kwa dada yake, miguu haina viatu. Wakili alikuwa barazani anasoma gazeti la wiki iliyopita. Akasimuliwa yote, ya ukuta, ya mama wa mkaa, ya mtu wa nje aliyekuwa na shughuli zake. Wakili alisikiliza, akakunja gazeti polepole, akalikunja tena.

"Kimsingi," alisema, "sheria imebadilishwa."

"Imebadilishwa lini?"

"Juzijuzi."

Dada yake Kisigino aliingia ndani, akafunga mlango, na chakula cha Wakili siku hiyo kilibaki jikoni kimefunikwa, mwenyewe anakisikia harufu tu. Kisigino hakumtukana shemeji yake. Alimtazama kuanzia viatuni, akapanda, akapita magotini, akapita tumbo, akafika usoni, labda kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, na hakuona kitu cha kuogopa. Palikuwa na mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Huyu ndiye aliyekuwa amemnyamazia. Dharau ile aliyoigawa mtaa mzima bila uchoyo, alikuwa amesahau kujiwekea hata kijiko, na sasa ikamrudia yote kwa pamoja.

Aliendelea na gundi yake. Lakini tangu siku ile aliacha kunyamaza, na mtu yeyote mwenye mkoba aliyepita pale kwenye kona alisimamishwa. Kijana wa bima aliporudi kuukagua ukuta mpya, Kisigino alimshika mkono wa shati, akamuuliza swali lake. Yule akacheka, akafuta kiatu nyuma ya suruali, akaingia garini. Alimuuliza Wakili, Wakili akasema kwa mujibu, akakohoa, akaomba maji. Alikwenda hadi kule kwenye kaunta, akamkuta binti mwingine, mwenye sandali nyingine, akamwambia ajaze fomu kwanza. Nami aliniuliza, nimesimama mbele yake mguu mmoja chini, kiatu changu kimeganda mkononi mwake.

"Wa kwanza ni mwenye gari, anayelipa bima," alisema. "Hilo nimekubali. Wa tatu ni sisi tuliofuatwa tukiwa na shughuli zetu. Sasa huyo wa pili ni nani, na mbona siku zote huwa hayupo?"